Somo: Kulipa madeni makubwa ukiwa umeacha kubeti

Somo hili ni la mtu aliyekwisha kuacha kubeti, hata kama ameacha leo asubuhi, na ana madeni yanayozidi mshahara wa miezi mitatu. Kama bado unabeti, soma hatua ya kwanza tu, ifanye, halafu urudi. Mpango wa malipo kwa mtu ambaye bado anasuka mikeka (tiketi za kubeti mechi kadhaa kwa pamoja) ni kuchota maji kwa pakacha.

Niseme mapema jambo ambalo wengi hawalipendi: lipa polepole. Nimekaa dawati la mikopo la SACCOS muda wa kutosha kuona nani anarudi kwenye kubeti na nani harudi. Mara nyingi anayerudi harudishwi na hamu ya mpira wala kindege, ule mchezo wa kubeti wa ndege kwenye simu. Anarudishwa na hesabu. Deni ni milioni tano, mkononi ana laki mbili, na kichwa kinamwambia mkeka mmoja wa odi 25, yaani unaolipa dau mara 25, unamaliza kila kitu. Kuzidisha amezidisha sawasawa, na hapo ndipo anaponaswa. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa ili usiwahi kuwa na laki mbili mkononi na haraka kichwani kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: Ondoa pesa mikononi mwako

Tafuta mshika fedha. Awe mke, mume, mama, dada, au kiongozi wako wa dini anayekufahamu vizuri. Asiwe rafiki mliyekuwa mnakesha naye kwenye madubwi (mashine za kamari), hata kama naye ameapa kuacha.

Mshahara uingie benki, usiingie kwenye laini ya simu. Kadi akae nayo mshika fedha na namba ya siri abadilishe yeye. Nenda tawini uombe huduma ya benki kwenye simu iondolewe, maana kadi ikiwa kabatini na simu ikiwa mfukoni bado hujafunga mlango. Kila siku upewe nauli na pesa ya kula. Ndiyo, mtu mzima kupewa nauli kunaudhi. Kuna watu wamekataa hatua hii kwa sababu ya heshima, wakafanya nyingine zote, na bado wakaanguka.

Kwa nini isiwe laini ya simu? Kwanza, kubeti kunapita humo humo. Pili, kama una deni la Songesha (mkopo wa M-Pesa) au huduma nyingine ya namna hiyo, kila shilingi inayoingia inakatwa kabla hujaigusa. Unapanga kulipa ada ya mtoto, unakuta imeshalipa deni la Jumamosi.

Kwenye kampuni za kubeti, usiishie kufuta programu kwenye simu. Waandikie huduma kwa wateja wafunge akaunti moja kwa moja, na uhifadhi majibu yao. Wakikuzungusha, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ndiyo inayotoa leseni. Toka kwenye makundi yote ya Telegram na WhatsApp ya wauza odi. Anayeuza "mechi ya uhakika" kwa elfu kumi angekuwa na uhakika asingeihitaji elfu kumi yako.

Wengine wanashauri ubadilishe laini. Mimi sishauri. Wadai wako wakikukosa hewani wataona umekimbia, na utahitaji waamini kwamba hujakimbia.

Hatua ya 2: Andika kila deni

Karatasi moja: jina la anayekudai, kiasi ulichokopa, kiasi kilichobaki leo, riba, tarehe ya marejesho, na ulichoweka dhamana. Mfano wa mwalimu wa kufikirika, ambao tutautumia hadi mwisho:

SACCOS 2,400,000 (inakatwa kwenye mshahara). Kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) 600,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Programu za mikopo za mtandaoni, jumla 310,000. Songesha 85,000. Kikoba 700,000. Shemeji 500,000. Duka la Mangi 62,000. Jumla 4,657,000.

Orodha isomwe kwa sauti mbele ya mshika fedha. Karibu kila orodha huwa na deni moja lililoachwa nje, na mara nyingi ndilo linaloumiza zaidi: pesa ya mzazi, pesa ya msiba, au jina la mtu uliyemdanganya kwamba mtoto anaumwa. Liingize. Gamblers Anonymous, kikundi cha wacheza kamari walioamua kuacha kilichoanza Los Angeles mwaka 1957, wana kikao maalumu cha jambo hili: mwenye madeni anakaa na wazoefu, pamoja na mwenza wake akiwepo, karatasi zote zinawekwa mezani, kisha wanapanga bajeti ya nyumba kwanza na malipo ya wadai baadaye. Huhitaji tawi lao mtaani kwako ili kufanya kikao kama hicho sebuleni.

Hatua ya 3: Nyumba kwanza

Kodi, chakula, ada, nauli, matibabu. Mwalimu wetu anapokea 780,000 baada ya makato. Nyumba inakula 520,000. Inabaki 260,000. Weka 40,000 ya dharura kwa mshika fedha, maana bila hiyo mtoto akipata homa unarudi kwa kausha damu. Zinabaki 220,000 za wadai.

Nje ya SACCOS anadaiwa 2,257,000. Gawanya: ni kama miezi kumi na moja, iwapo riba zitasimama. Zisiposimama, kausha damu peke yake anadai 120,000 ya riba kila mwezi, zaidi ya nusu ya pesa yote ya wadai, na deni la msingi halijaguswa. Ndiyo maana hatua inayofuata ni ndefu.

Watumishi wa umma mkumbuke pia: baada ya makato yote, ikiwemo asilimia 15 ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) kwa wanaodaiwa mkopo wa chuo, mshahara wako wa msingi unapaswa kubaki angalau theluthi moja. Kama haubaki, anza kwa afisa utumishi.

Hatua ya 4: Wafuate wadai kabla hawajakufuata

Nenda mwenyewe, na karatasi yako. Usitoe hadithi ndefu. Maneno yanatosha haya: "Nadaiwa na watu saba. Nimeacha kubeti, pesa zangu anashika mke wangu. Kwa sasa naweza kukulipa elfu arobaini kila tarehe 28. Naomba tuandikishane, na riba isimame hapa." Taja kiasi kidogo unachokiweza. Mdai aliyeahidiwa laki moja akapewa elfu arobaini anakasirika; aliyeahidiwa elfu arobaini akapewa elfu arobaini miezi mitatu mfululizo anaanza kukusalimia.

Kausha damu wana somo lao. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mtu haruhusiwi kufanya biashara ya kukopesha bila leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 600,000 hiyo ni 21,000, siyo 120,000. Ombeni kuona leseni, mkiwa wawili, kwa adabu. Kama hana, mwambie utarudisha alichokupa kwa awamu, na kwamba uko tayari mkutane mbele ya mtendaji au msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na sheria ya 2017, na huduma yao ni bure. Sisemi umdhulumu. Pesa yake uliichukua, irudishe. Ila irudi ile uliyochukua na riba inayoruhusiwa.

Kama ameshika kadi yako ya benki na namba ya siri, usigombane naye mlangoni. Nenda tawini, zuia kadi, omba nyingine. Fanya hivyo wiki moja kabla ya mshahara, siyo siku ya mshahara.

Programu za mtandaoni: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Angalia kama yako imo kabla ya kukubali "faini" wanazokutumia kila saa.

Hatua ya 5: Nani aanze

Vitabu vya fedha hubishana: deni dogo kwanza au riba kubwa kwanza? Kwa aliyekuwa mbetiji, naanza na mikopo ya simu, hata kama si yenye riba kubwa kuliko zote. Sababu ni kwamba hiyo ndiyo inayokufuata kitandani saa saba za usiku. Kila unapomaliza mmoja, omba akaunti ifungwe, maana ukilipa vizuri wanakupandishia kiwango. Kisha kausha damu. Kisha kikoba na shemeji kwa pamoja, kidogo kidogo. Mangi mpe chake mwezi wa kwanza, ni 62,000 tu, na watoto wapite dukani bila aibu.

Hatua ya 6: Pesa ya ghafla

Malimbikizo ya mshahara, zamu yako ya mchezo wa kupeana pesa, mauzo ya mahindi. Iende kwa mshika fedha siku hiyo hiyo, naye aitume kwa mdai mwenyewe. Isilale kwako.

Hatua ya 7: Ukianguka

Mwambie mshika fedha ndani ya siku moja. Usipandishe malipo ya mwezi unaofuata ili kufidia. Mpango ubaki ulivyo. Na usiende peke yako: uraibu wa kamari ni ugonjwa, umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Vitengo vya afya ya akili vipo Muhimbili, Mirembe Dodoma na kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Kama umeanza kufikiri kwamba familia ingekuwa na nafuu usipokuwepo, acha karatasi ya madeni, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi akupeleke hospitali. Wadai watasubiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi ni bodaboda wa mkataba. Sina mshahara, pesa naipata kila siku. Nitampaje mtu ashike?

Kila jioni, kabla ya kula. Hesabu ya bosi itoke kwanza, maana pikipiki ikichukuliwa hata wadai wengine hawalipwi. Ya mafuta ya kesho ubaki nayo, iliyobaki yote kwa mshika fedha. Abiria wanaolipa kwa simu waombe watume kwenye laini ya mshika fedha. Na saa za kusubiri abiria kijiweni, ambapo wenzako wanasuka mikeka, hama kijiwe kama unaweza. Hilo lina uzito kuliko bajeti yoyote.

Habari. Mume wangu anadaiwa milioni tisa. Wakwe wanataka tuuze kiwanja tumalize yote mara moja. Nikikataa naonekana nina roho mbaya.

Pole dada. Kataa kwa sasa. Deni likifutwa kwa siku moja, kinachobaki ni mtu aliyezoea kubeti, hana deni, na anakopesheka tena. Akae miezi kadhaa akilipa kidogo kidogo chini ya mshika fedha, kisha mjadili kuuza. Mkiuza, pesa itoke kwa mnunuzi kwenda kwa wadai, isipite kwake. Kuhusu nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako. Ukisikia fununu, wahi kuweka zuio.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba. Nilichukua laki nane nikijua nitarudisha. Mgao ni Desemba. Nikakope nizibe?

Hapana. Deni la kawaida ni shauri la madai, ila pesa ya watu uliyokabidhiwa inaweza kuwa jinai, kwa hiyo hili lako linatangulia kila deni kwenye orodha. Nenda kwa mwenyekiti wiki hii, na mzee mmoja anayeheshimika. Jiuzulu uweka hazina hapo hapo, toa simu au televisheni uanzie, mwandikishane awamu. Wanakikundi huwa wakali zaidi wakigundua wenyewe siku ya mgao.

Programu moja inawatumia meseji watu wote kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Hata mkuu wangu wa shule amepata.

Piga picha za meseji zote, na waombe waliotumiwa wakupe zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakulinda, na kuna Tume yake inayopokea malalamiko. Peleka na nakala Benki Kuu. Kwa mkuu wa shule nenda mwenyewe ukamweleze, usimwachie meseji zieleze.

Naruhusiwa kuangalia Simba na Yanga?

Mimi ningekaa nyumbani miezi ya mwanzo, nisikilize redioni na familia. Kibanda umiza kila mtu ameshika mkeka.

SACCOS wako tayari kunipa mkopo mmoja nilipe mingine yote. Riba ni ndogo. Nichukue?

Kwa masharti mawili: SACCOS walipe wadai wenyewe, isiingie kwako hata senti, na wale wadai wafunge akaunti zako. Ukikosa sharti moja, baada ya miezi sita utakuwa na mkopo wa SACCOS na ile mingine yote imerudi. Wadhamini wako nao waambiwe ukweli kwamba unaacha kubeti kabla hawajasaini.