Namna ya kupambana na mla ubongo katika NetHack

Wachezaji wengi wa NetHack, mchezo wa kuteremka mapangoni uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, huzoea mapema kutazama namba moja tu iliyo chini ya skrini, yaani uhai uliobaki. Mazoea hayo huwafaa mbele ya majoka na askari, lakini huwaangamiza mbele ya mind flayer, ambaye katika mwongozo huu nitamwita mla ubongo, kwa sababu kiumbe huyu hana haja ya kuumaliza uhai wako. Chakula chake ni akili. Akili ikishafika 3, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa, mnyiri wake mmoja tu, yaani mkono kama wa pweza, ukifika tena kichwani unakufa papo hapo, hata kama uhai wako bado umejaa. Namba ya kutazama, basi, ni ile iliyotanguliwa na herufi In. Ninayoyaeleza hapa yanahusu matoleo ya 3.4.3 na 3.6, ambayo yanafanana sana katika jambo hili.

Ili uione hatari yenyewe, fanya hesabu. Mla ubongo wa kawaida ana minyiri mitatu, na kila mnyiri unaofika kichwani hupunguza akili kwa 1 au 2. Mhusika mwenye akili 8, kiwango ambacho wapiganaji wa upanga huwa nacho mara nyingi, anaweza kushushwa kutoka 8 hadi 6, kisha 4, kisha 3, yote katika zamu moja, na zamu inayofuata ikamkuta hana kilichobaki cha kuliwa. Yule mkubwa wao, ambaye jina lake mchezoni huanza na neno master, ana minyiri mitano. Huyo anaweza kumaliza kazi yote katika zamu moja tu. Wala usitegemee hirizi ya kuokoa maisha. Hirizi hiyo itatumika na kuteketea, kisha mchezo utakuarifu kwamba ubongo wako bado haupo, nawe utakufa mara ya pili palepale.

Kinga ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo isiyosameheka kukosa, ni kuvaa kitu kichwani. Chochote kinachovaliwa mahali pa helmeti huzuia minyiri 7 kati ya kila 8 inayokulenga vizuri, na helmeti ya chuma ya mbilikimo, ambayo hupatikana kwa urahisi katika migodi ya mwanzo, inatosha kabisa. Hata hivyo, usichukulie kinga hiyo kuwa ukuta. Ikiwa minyiri yote mitatu imekulenga vizuri, bado ipo nafasi ya takriban asilimia 33 katika kila zamu kwamba angalau mmoja utapenya, na kwa yule mwenye minyiri mitano nafasi hiyo inakaribia nusu. Helmeti hukununulia zamu chache za kumaliza pambano au kuondoka, na haikupi ruhusa ya kusimama mbele yake ukipigana naye kwa starehe.

Ukiwa na kopo la grisi, ipake helmeti hiyo. Grisi huifanya minyiri iteleze bila kudhuru, mradi helmeti haina laana, lakini kila mnyiri unapoteleza kuna nafasi ya nusu kwa nusu kwamba grisi itafutika. Kwa hiyo ipake upya kabla ya kila pambano, na usishangae ikiisha katikati. Pete ya kudumisha uwezo nayo huzuia akili isipungue, ingawa haizuii usahaulifu nitakaoueleza baadaye. Mavazi mazuri ya vita kwa jumla husaidia pia, maana mnyiri lazima kwanza ukufikie kama shambulio lingine lolote.

Kumtambua mapema ni nusu ya kazi. Huonyeshwa kwa herufi h ya zambarau, lakini mfalme wa mbilikimo naye huonyeshwa kwa herufi hiyohiyo na rangi hiyohiyo, kwa hiyo kila unapoiona h ya zambarau bonyeza alama ya nukta-mkato kisha uielekeze kwake ili mchezo ukutajie jina lake. Kumbuka kwamba huruka, kwa hiyo maji hayamzuii, na kwamba humwona asiyeonekana, kwa hiyo vazi lako la kujificha halikufai kitu. Wenye telepathi, yaani uwezo wa kuhisi akili za viumbe wengine, wanaweza kufunga kitambaa machoni na kumwona akiwa mbali sana, lakini faida hiyo ina gharama: mara kwa mara yeye hurusha wimbi la mawazo linalolenga akili zote za eneo hilo, na ukiwa unamhisi kwa telepathi wakati huo, wimbi litakupata kwa hakika na kukuondolea uhai hadi 15. Fungua kitambaa mara tu ukishajua alipo.

Sasa pambano lenyewe. Jambo ambalo wachezaji waliojawa na hofu hulisahau ni kwamba mwili wa mla ubongo ni dhaifu kuliko sifa yake. Yule wa kawaida yuko katika kiwango cha 8, uhai wake kwa wastani ni 36, na ulinzi wake ni 5 tu, jambo linalomfanya kuwa rahisi kupigwa. Ndiyo maana ninashauri apigwe akiwa mbali. Simama mwisho wa ukumbi mrefu au wa njia iliyonyooka, umrushie visu viwili au vitatu kwa zamu, au mishale, na uhakikishe kwamba anapokufikia amebakiza kidogo tu. Mwendo wake ni 12, sawa na wa mhusika asiye na kasi ya ziada, kwa hiyo kumkimbia kwa miguu bila viatu vya kasi au uwezo kama huo hakutakutenga naye.

Fimbo ya usingizi, ambayo huwaokoa watu katika hatari nyingine nyingi, hapa ni tegemeo baya. Mla ubongo ana ukinzani wa 90 dhidi ya uchawi, na mara nyingi zaidi miali ya usingizi humpita bila athari. Miali ya moto na baridi humjeruhi, lakini mara nyingi kwa nusu tu ya nguvu yake. Fimbo ninayoipenda zaidi kwa hali hii ni ya kuchimba. Ielekeze chini, utumbukie tabaka linalofuata, na pambano limekwisha, isipokuwa katika yale maeneo machache ambayo sakafu yake haichimbiki.

Neno Elbereth likiandikwa sakafuni humtisha, kwa kuwa yeye si binadamu wala minotauri. Katika toleo la 3.6 maandishi hayo hufutika ukishambulia ukiwa umesimama juu yake, na yanaweza kufutika pia kila yanapomtisha kiumbe, kwa hiyo yatumie kupata pumzi na kujitibu, si kupigania. Wimbi la mawazo halizuiwi na maandishi.

Kila mnyiri unaopenya huleta pia usahaulifu: ramani za baadhi ya matabaka uliyopitia hupotea, na baadhi ya vitu ulivyokwisha kuvitambua hurudi kuwa visivyojulikana, pamoja na majina uliyovipa wewe mwenyewe. Andika mambo muhimu kwenye karatasi nje ya mchezo. Akili iliyopotea hurudishwa kwa pembe ya yunikoni isiyo na laana au kwa dawa ya kurejesha uwezo, nawe ufanye hivyo kabla ya kuendelea na safari, si ukikutana na wa pili.

Ukipata hati ya kuangamiza jamii, sifikirii kwamba kuna matumizi mengi bora kuliko haya. Hati ya kawaida huondoa aina moja tu, nami ningemchagua yule mkubwa mwenye minyiri mitano. Iliyobarikiwa huondoa herufi h yote. Hapo pana onyo zito: ikiwa mhusika wako ni mbilikimo, yeye mwenyewe ni h, na utakuwa umejiua. Hati yenye laana, kwa upande wake, huwaleta viumbe uliowataja wakakuzunguka, kwa hiyo chunguza hali yake kabla ya kuisoma.

Ukimuua, mle angali mbichi. Kama akili yako haijafika kilele chake, kuna nafasi ya nusu kwamba itapanda kwa 1, na usipopata hiyo unaweza kupata telepathi.