Kupima oksijeni inayotumiwa na ubongo kwa MRI: anza na damu ya mgonjwa

Wiki iliyopita nilikaa hadi usiku na kijana ninayemfundisha kazi hapa Dar, tukiangalia majibu ya mgonjwa wa selimundu. "Kaka, mbona namba ni ya kawaida kabisa?" Ukawaida huo ndio uliotutesa.

1. Chagua njia. Kumvutisha mtu hewa yenye asilimia 5 ya kabonidayoksaidi kunafaa ukitaka kujua matumizi yanavyobadilika ubongo unapofanya kazi fulani. Lakini barakoa ndani ya mashine huwatia watu hofu, watoto hasa. Kwa ubongo uliotulia natumia TRUST, skani ya MRI inayopima damu ya vena inayotoka kwenye ubongo. Haihitaji gesi, na skani yenyewe haimalizi dakika mbili.

2. Mtiririko wa damu. Weka kipande cha picha ya MRI ya kupima mwendo wa damu kikatize kwa nyuzi 90 ateri nne zinazolisha ubongo: karotidi mbili za ndani na vetebra mbili. Jumlisha mtiririko wa zote nne, gawa kwa uzito wa ubongo.

3. TRUST. Lenga vena kubwa ya katikati, usawa wa kisogo. Eneo lichore kwa mkono, siiachii programu. Utapata T2 ya damu, yaani muda ambao mawimbi yake ya MRI huchukua kufifia.

4. Kugeuza T2 kuwa kiwango cha oksijeni. Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Mlinganyo unataka hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu), na kijana alikuwa ameacha 0.42 iliyokuja na programu. Mgonjwa alikuwa na Hb (himoglobini, kibeba oksijeni cha damu) ya gramu 7.5 kwa desilita. Damu nyepesi huwa na T2 ndefu, kwa hiyo ukiweka hematokriti ya mtu mzima wa afya, vena huonekana imebakiza oksijeni nyingi kuliko kweli. Wakati huohuo Hb ya 14, inayolingana na 0.42 hiyo, inakupa karibu ml 19 za oksijeni kwa kila ml 100 za damu, badala ya 10. Kosa moja linashusha jibu, la pili linalipandisha, na jumla inatoka nzuri!

Halafu kuna mlinganyo wenyewe. Uliozoeleka ulitokana na damu ya ng'ombe. Kwa selimundu tafuta uliotengenezwa kwa damu ya selimundu, maana ukibadilisha mlinganyo, mgonjwa yuleyule anaweza kuonekana ananyonya oksijeni nyingi au kidogo kuliko kawaida. Utaje kwenye ripoti. Aliyeongezewa damu karibuni ana mchanganyiko, basi pima Hb na asilimia ya HbS (himoglobini ya selimundu) siku ileile ya skani. Kipimo cha kliniki ya mwezi jana sikipokei.

5. Zidisha. Mtiririko × (oksijeni ya ateri, kutoka kifaa cha kidoleni, − ya vena) × 1.34 × Hb ÷ 100. Mfano wa mtu mwenye afya: 50 × (0.98 − 0.62) × 0.188 (yaani 1.34 × 14 ÷ 100) = takriban ml 3.4 kwa gramu 100 kwa dakika.