Boga la nazi mwezi wa Novemba, huku Ohio

Wenzangu mliofika Marekani mwaka huu, msikimbilie yale maboga makubwa ya rangi ya chungwa yanayoshushwa bei baada ya tarehe 31 Oktoba, sikukuu yao ya Halloween. Yale yamelimwa ili yachongwe nyuso na kuwashiwa mshumaa mlangoni. Yana maji, yana nyuzi, na ukiyatia nazi unapata uji. Tafuta kabocha: boga dogo la kijani kibichi, limebonyea juu na chini, aghalabu lipo kwenye maduka ya Waasia. Ndani ni kavu, la unga, tamu, karibu kabisa na boga la kwetu Tanga. Chukua lile zito mkononi, lenye kikonyo kilichokauka.

Kulikata ndiyo kazi. Litoboetoboe kwa ncha ya kisu, liingize zima kwenye oveni ya moto wa wastani kwa dakika 10, ganda lilegee kidogo. Usilimenye. Ganda laliwa, tena ndilo linalozuia vipande visivurugike. Mbegu zioshe, zitie chumvi, zikaange. Kama una watoto, zifiche.

Kopo la nazi usilitikise. Lilaze kwenye friji usiku kucha, tui zito lipande juu, ulichote na kulitenga. Maji ya chini yachanganye na kikombe cha maji, iliki iliyopondwa, chumvi kidogo, sukari vijiko viwili tu. Panga vipande ganda likiwa chini, chemsha kwa moto mdogo mpaka uma uingie bila kubishana. Ndipo umwagie tui zito, utikise sufuria badala ya kukoroga, na usifunike. Likitokota kwa nguvu, tui litakatika.

Viazi vitamu chagua vyenye ganda la zambarau na nyama nyeupe. Vya chungwa vinarojeka. Na visikae kwenye friji, kati patakuwa pagumu hata uvichemshe vipi.

Sukuma wiki hapa inaitwa collard. Subiri usiku wa kwanza wa jalidi upite, ndipo ununue kwa mkulima: baridi hiyo huyafanya majani yaongeze sukari ili yasigande. Jirani zangu huyachemsha muda mrefu na nyama ya nguruwe, shauri yao. Mimi nayakata membamba, kitunguu, nyanya, dakika tano. Ila nyanya mbichi za mwezi huu, hata ziwe nyekundu vipi, hazina ladha. Fungua kopo la nyanya.