Kupanda milima ya Lushoto na mbwa: mwongozo kwa watu wa Tanga mjini

Usambara Magharibi haitakushinda kwa urefu. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hata vilele virefu vya safu ile havifiki mita 2,500, kwa hiyo maradhi ya kimo si ya kukunyima usingizi. Kinachowasumbua wenye mbwa ni watu. Kule hakuna njia isiyo na mwenyewe: unapita mlangoni kwa mtu, kando ya msikiti, katikati ya kabichi. Panga safari yako kwa kuanzia hapo, halafu ndiyo ufikirie kilele.

Hatua ya 1: Chagua mbwa wa kwenda naye

Marafiki hujichagua wenyewe, mbwa huchaguliwa. Kwangu mimi mbwa mmoja kwa watu wawili ndiyo mwisho. Wakizidi hapo wanakuwa kundi, na kundi la mbwa halimsikilizi mtu. Anayefaa ni aliyetimiza mwaka na zaidi, maana mifupa ya mtoto haijakomaa kwa miteremko ile, na anayerudi akiitwa hata kuku wakikatiza mbele yake. Mjaribu kabla: mpeleke upande wa Pongwe penye mbuzi wanaochungwa, umfunge kamba ndefu uone. Akivuta na kubweka bila kukusikia, abaki nyumbani. Anayefaulu mtembeze Raskazone alfajiri kwa wiki kadhaa, kila mara mbali kidogo kuliko jana, nyayo na pumzi vizoee.

Hatua ya 2: Chanjo na kupe

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imepita angalau mwezi mmoja kabla ya safari, na kadi yake uibebe, mtu akikuuliza umwonyeshe. Kwa daktari wa mifugo hapo hapo chukua dawa ya kupe. Kule ng'ombe na mbuzi wanalala karibu na nyumba, na majani ya pembeni mwa njia yana kupe wa kutosha.

Hatua ya 3: Majira na usafiri

Machi hadi Mei ni masika: udongo mwekundu unateleza na ukungu unafunika kila kitu. Nenda Juni hadi Septemba, lakini usidanganywe na joto la Tanga. Juni na Julai usiku wa Lushoto unataka sweta, na mbwa wa pwani mwenye manyoya mafupi anataka blanketi lake.

Kwenye basi usijisumbue, mbwa hapandi. Changeni mkodi Noah au pikapu yenye turubai, na mpatane na dereva mapema kwamba abiria wengine wana mikia. Wengine hukataa wakishawaona. Ondokeni kabla ya alfajiri kupitia Muheza, Segera na Korogwe, ili Mombo mfike jua halijawaka. Mbwa asile chochote asubuhi hiyo, maana kona za kutoka Mombo kupanda Soni humtapisha hata binadamu.

Hatua ya 4: Begi

Hema, kwa sababu nyumba nyingi za wageni hazipokei mbwa na si haki kuwalaumu. Maji: mbwa wa kimo cha kati anataka karibu lita mbili kwa siku ya kutembea. Hili lina sababu ya ziada. Mifereji mingi mnayokutana nayo inatoka kwenye mashamba ya mboga, na mboga zile hupigwa dawa, kwa hiyo mbwa asiinywe hata kama maji yanaonekana safi. Chakula chake ni ugali na dagaa waliooshwa chumvi. Mchuzi wenu usimpe, una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, huvunjika vipande vikali na kumtoboa utumbo.

Mengine ni ya kawaida: kamba fupi, kamba ndefu, kifungio cha mdomo, kibanio cha kutolea kupe, sabuni ya mche, bendeji.

Hatua ya 5: Kuingia kijijini

Hapa msiende mbio. Wasambaa wengi wa milimani ni Waislamu, na wengine ni Wakristo tangu wamisheni wa Kijerumani walipofika Mlalo mwaka 1891. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu na huko juu, mate ya mbwa ni najisi: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sisi watu wa Tanga tunalijua hili tangu utotoni, halafu tukishavaa viatu vya mlimani tunalisahau.

Kwa hiyo kabla ya nyumba ya kwanza mbwa wote wawe kwenye kamba fupi, upande wa mbali na watu. Mmoja wenu atangulie bila mbwa. Awasalimie wazee kwa shikamoo, na akijua Kisambaa cha “onga mshi” mambo yatakuwa laini zaidi, kisha aulize nyumba ya mwenyekiti au ofisi ya mtendaji. Mwambieni mko wangapi, mna mbwa wangapi, mtalala wapi. Karibu na msikiti zungukeni, hasa saa za swala, watu wakiwa wameshatawadha. Mkikaribishwa chai, mbwa abaki nje ya ua na mtu wa kumshika, kwa zamu. Vyombo vyake viwe vyake. Usiombe sahani ya mtu wala usimnyweshe kwenye ndoo ya bombani.

Mbwa wa kijiji watawatokea. Msikimbie, msirushe mawe; simameni, muiteni mwenyewe, apite mbele yenu. Na mwongozaji mtakayemchukua Lushoto aulizwe kwanza kama haogopi mbwa. Wengi wanaogopa na hawasemi.

Hatua ya 6: Njia

Siku ya kwanza mshukie Soni, mpande mlima wa Kwa Mungu unaoinuka juu ya mji huo, unaojulikana kwa vipepeo. Unatosha kuwapima wote, wa miguu miwili na wa minne.

Siku ya pili nendeni Irente. Genge lake linaangalia Mombo na nyika ya Umasaini, na linakatika ghafla, kwa hiyo hapo hakuna kamba ndefu hata mbwa akiwa mtiifu kama malaika. Shamba la Irente huuza mkate na jibini, vinatosha mlo wa jioni.

Mkiwa na siku zaidi, pandeni gari hadi Rangwi mtembee kuelekea Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima. Chini yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na hifadhi ya taifa si mahali pa mbwa, kwa hiyo msiteremke.

Msitu wa Magamba muuache kwa safari isiyo na mbwa. Ni hifadhi ya mazingira asilia, kuingia kwataka kibali, na ndani kuna mbega. Mbwa akimwona mbega hasikii tena, na askari wa misitu akimwona mbwa porini atafikiri uwindaji kwanza.

Hatua ya 7: Shida zikitokea

Mbwa hana jasho la kumpoza kama letu, anapoa kwa kuhema. Ulimi ukiwa mwekundu sana, mate yakamvuja na akayumba, simameni kivulini, mmwagieni maji tumboni na kwenye mapaja, mpeni anywe kidogo kidogo. Siku hiyo imeisha, msimbembeleze aendelee.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, wenu au wa kijiji, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo akaanzishiwe chanjo. Msisubiri kuona kama mbwa ataugua. Mbwa akiua kuku au mbuzi, mtafuteni mwenyewe kabla hajawatafuta, mlipe bei ya soko mbele ya mwenyekiti.

Hatua ya 8: Kurudi

Kila jioni, na tena mkifika nyumbani, mpapaseni mbwa masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe avutwe polepole kwa kibanio karibu na ngozi, asichomwe kiberiti. Wiki mbili tatu zinazofuata angalieni ufizi: ukipauka, au mbwa akikataa chakula na kuwa moto, mpelekeni kwa daktari na mwambieni alikuwa Lushoto.