Siku ya watoto Kisumu: boti, kasri la kurukia na swala pala kwa siku moja

Shule zikifungwa Desemba, watoto wa kanisa letu huwa na swali moja tu: "Mwalimu, mwaka huu tutapanda boti?" Nimewapeleka miaka saba sasa, mara nyingine wakiwa kumi na tano, mara nyingine thelathini. Ratiba ninayokupa hapa imepangwa kwa kufuata upepo wa Ziwa Victoria, na nakusihi usiipindue.

Sababu ni hii. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupaa, na ile ya ziwani iliyo baridi huja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo asubuhi maji ya Dunga, ufuo tunaopandia boti, huwa yametulia, lakini ikifika saa 8 mchana mawimbi yanapiga ubavu wa boti. Kisumu imekaa mwisho wa mashariki wa Ghuba ya Winam, basi upepo huo wa mchana husukuma kila kinachoelea kuja upande wetu, magugu maji yakiwemo. Boti inayoondoka ikiwa na njia wazi inaweza kurudi ikakuta zulia la kijani limeziba ufuo.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia safari

Hesabu watu wazima: mmoja kwa kila watoto watano, na kila mmoja ajue watano wake kwa majina. Hifadhi ya Swala Pala iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kiingilio hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen ya serikali, kwa hiyo fungua akaunti na ulipe ukiwa nyumbani. Kushughulikia simu langoni huku watoto wamesimama juani ni mateso.

Kila mtoto abebe kofia, soksi safi na nguo ya kubadilisha. Asubuhi wanywe uji na wale nduma au viazi vya kuchemsha. Mandazi yenye mafuta yaache, hayo ndiyo hurudi mdomoni katikati ya ziwa. Kisha andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto, hata wa yule anayejidai mkubwa.

Hatua ya 2: Boti, saa 2 asubuhi

Fika Dunga mapema. Patana bei ya boti nzima na muda wa safari kabla mguu wa mtoto haujaingia. Wakati mmoja nahodha aliniambia, "Mama, hawa ni wadogo, wawili tunawahesabu mmoja." Nikamjibu, "Hapana, kaka. Kila mtoto na nafasi yake, na jaketi lake." Akasisitiza. Tukashuka sote, tukatafuta boti nyingine. Watoto walilia, na mimi nikawaacha walie.

Jaketi la kujiokoa usiliangalie kwa macho tu. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, kisha shika mabega ya jaketi uyavute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Akianguka majini atachomoka kwa chini. Hapo omba la watoto, na kama halipo, mtoto huyo hapandi. Najua ni vigumu kumwambia hivyo mtoto aliyengoja mwaka mzima, lakini mwambie.

Mkishaondoka, mwombe nahodha apite kando ya mafunjo polepole, maana ndege wa pale ndio raha yenyewe. Mkiona viboko, mkae mbali. Kiboko anaweza kuzama dakika kadhaa na kuibuka pale usipomtarajia, kwa hiyo kumwona mara moja hakukwambii yuko wapi sasa. Mtoto asishuke kuchezea maji ya kina kifupi kwenye matete: konokono wenye kichocho hupenda hapo. Saa moja majini inatosha.

Hatua ya 3: Kasri la kurukia na bembea, kabla ya chakula

Siku za sikukuu bustani za mjini hujaa makasri ya hewa, bembea za kuzunguka na wachora nyuso. Watoto waruke kwanza, wale baadaye. Ukibadilisha mpangilio huo utafua nguo.

Kabla ya kulipa, zunguka kasri lenyewe. Kamba zote zimefungwa kwenye vigingi vilivyozama ardhini? Pampu ya upepo imezungushiwa kizuizi? Kuna mtu anayesimamia mlangoni? Viwango vya Ulaya vinataka kasri lifungwe upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Wewe huna kipimo, ila unayo miti: ukiona miti midogo yenye majani imeanza kuyumba yote, umekaribia kiwango hicho. Watoe watoto bila kungoja msimamizi akubaliane nawe. Kasri likishikwa na upepo hunyanyuka na waliomo.

Viatu, vipini vya nywele na peremende vibaki nje. Wadogo waingie peke yao, kisha wakubwa. Mtoto wa miaka kumi na miwili akimwangukia wa miaka minne, soksi hazisaidii.

Hatua ya 4: Samaki

Ngege (tilapia) wa kukaanga, ugali na mboga ya osuga (mnavu). Agiza mapema kwa simu, la sivyo mtangoja saa nzima. Wadogo watolewe miiba na mtu mzima.

Hatua ya 5: Alasiri kivulini

Kuanzia saa 9 nendeni Hifadhi ya Swala Pala, iliyotengwa mwaka 1992 ili swala hao wasitoweke pembeni mwa mji unaokua. Ni ndogo, hekta 34 tu, na miguu ya watoto inaimaliza. Swala hulisha karibu nawe, na wapo simba na chui vizimbani. Ficha ndizi, kwa maana tumbili wa pale hufungua mifuko upesi kuliko sisi.

Mawingu yakikusanyika, badilisha mpango upesi mwende Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Yana samaki wa ziwa, nyoka, na boma la Kiluo ambapo kila nyumba ina mahali pake. Radi ikianza mkiwa bado njiani, msijifiche chini ya mti.

Saa 11 jioni muwe barabarani, kwa sababu giza likiingia viboko hutoka majini kula nyasi. Hesabu watoto kabla ya kupanda tuktuk, halafu uwahesabu tena wakishakaa, kila mtu mzima akiita majina ya watano wake kwa sauti. Usimwambie dereva aondoke hadi jina la mwisho liitikiwe.