Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kupimwa bakteria wa tumbo

Jambo ninaloliweka mbele ya yote ni dawa ulizomeza wiki zilizotangulia. Katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, hukatwa kwa mkasi kidonge kimoja kimoja, ikafungwa katika kipande cha karatasi ya daftari, na wengi wetu huinunua hivyo kila tumbo linapowaka. Dawa hiyo hutuliza maumivu na kuwafifisha bakteria wa tumbo waitwao Helicobacter pylori kwa muda bila kuwamaliza, kwa hiyo kipimo cha pumzi, cha choo au cha kinyama cha ukuta wa tumbo kilichochukuliwa kwa fibroskopi (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni) kinaweza kusema hawapo ilhali wapo. Omeprazoli isimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Aliyewahi kutokwa na damu tumboni asiache dawa kabla ya kumwuliza daktari wake.

Ninalisisitiza hili kwa sababu madhara ya Helicobacter pylori hayaishii kwenye vidonda vya tumbo, yanaweza kufika hadi saratani. Bakteria huyu huishi katika ute unaofunika ukuta wa tumbo, akajishikiza kwenye seli, na baadhi ya aina zake huziingizia protini iitwayo CagA. Mwili hutuma seli nyeupe za damu kupambana naye. Seli hizo humwaga kemikali kali za oksijeni ambazo, pamoja na kumshambulia bakteria, huunguza pia DNA, yaani maelekezo ya urithi, ya seli zetu wenyewe. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotwa: ukikatika mmoja, mwingine hubaki kuwa kielelezo cha kuurekebishia, lakini zikikatika zote mbili mahali pamoja, seli huweza kuunga ncha vibaya, na kosa hilo likarithiwa na kila seli itakayozaliwa humo. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha katika seli za maabara kwamba bakteria huyu husababisha mikato ya namna hiyo, kwamba akiuawa mapema kwa antibiotiki mikato hurekebishwa, na kwamba maambukizi yakiendelea uwezo wa seli wa kujirekebisha huzidiwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 1994. Walio wengi hawafiki huko; ni takriban watu 1 hadi 3 katika kila 100 walioambukizwa, tena baada ya miaka mingi.

Uliza pia ni kipimo gani utakachofanyiwa. Kile cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, ambazo hubaki muda mrefu hata baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakikwambii kama bado unaye. Kwa fibroskopi, usile kwa angalau saa 6. Mweleze daktari kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya tumbo, na kama makayabu, samaki waliokaushwa wenye chumvi nyingi, ni chakula chenu cha kila wiki, kwa kuwa chumvi huongeza hatari hiyo. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami au anayekonda bila sababu asingoje wiki hizo, aende hospitali leo.

Andika tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye karatasi utakayompa mtu wa maabara. Ukitibiwa, andika pia siku uliyomaliza antibiotiki, kwani kipimo cha kuthibitisha kupona hufanywa angalau wiki 4 baadaye.