Elektroni za ayoni: toa chaji pamoja na alama yake

Ukipewa ayoni ya metali (atomu iliyopoteza elektroni ikabaki na chaji) uhesabu chembe zake, anza na protoni, kisha toa chaji bila kuivua alama yake: elektroni = protoni − chaji. Chukua Fe³⁺ (chuma) yenye namba ya masi, yaani jumla ya protoni na nyutroni, 56: protoni 26, elektroni 26 − (+3) = 23, nyutroni 56 − 26 = 30. Wengi wakiona jumlisha pale juu hukimbilia kuongeza, wanapata 29. Ile +3 inasema tu kwamba protoni zimezidi elektroni kwa 3. Elektroni ndizo zilizoondoka, kiini hakikuguswa. Ndiyo maana kanuni hiyohiyo inafaa hata kwa Cl⁻ (klorini iliyopokea elektroni moja): 17 − (−1) = 18.

Inapokwama ni kwenye nyutroni, usipopewa namba ya masi. Shaba (protoni 29) kwenye jedwali la elementi imeandikwa 63.55, ambayo ni wastani wa isotopu 63 na 65, yaani atomu za shaba zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni. Ukitoa 29 hapo unapata nyutroni 34.55, na hakuna atomu yenye nusu nyutroni. Hg₂²⁺ (zebaki) nayo iangalie vizuri: ni atomu mbili zilizoshikana, kila moja na protoni 80, kwa hiyo protoni ni 160 kabla hujatoa 2.